Kiungo cha kable hakikubali haraka

Siku hizi watu wengi wa Kolwezi na Likasi wanasikia kwamba kobalti iko pia chini ya bahari. Ni kweli. Mu Bahari ya Pasifiki, kati ya Hawaii na Mexico, kuna eneo linaloitwa Clarion-Clipperton. Kule, meta 4 000 mpaka 6 000 chini ya maji, mawe meusi yenye ukubwa wa viazi yamelala juu ya matope. Ndani yake mko manganezi, nikeli, shaba na kobalti. Ufaransa, kupitia shirika lake Ifremer, ilipata mkataba wa kutafuta huko mu 2001.

Wafanyakazi wenzangu wananiuliza: je, mawe hayo yatatunyanganya mkate? Swali ni zuri, tutalirudilia siku nyingine. Leo nataka kuongea juu ya fundi anayeunga kable ya kuteremshia mashine kule chini. Kazi yake ni ndugu ya kazi yetu.

Kule chini mwanga wa jua haufiki, na mawimbi ya redio hayapiti mu maji ya chumvi. Kinachopita ni sauti. Mu bahari inakimbia karibu meta 1 500 kwa sekunde moja. Sonari inapiga sauti, inasikiliza mwangwi, halafu inachora sakafu ya bahari. Lakini sauti nyembamba, ile inayoonyesha vitu vidogo, inachoka haraka ndani ya maji. Kwa hiyo lazima sonari yenyewe ishuke, ipite karibu na sakafu. Wanaifunga ndani ya chombo wanachokiita «samaki», na meli inakivuta polepole, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Kwa sababu meli inatembea, kable haishuki wima, inabaki nyuma. Kufika meta 6 000 inaweza kuomba kilometa 8 za kable ao zaidi.

Kable hiyo mara nyingi haipiti unene wa kidole gumba. Katikati mko nyaya za shaba ao fibra za kioo, zinazopeleka umeme chini na kuleta picha juu. Inje kuko tabaka mbili za nyuzi za chuma: moja imezungushwa kuume, ingine kushoto, ili kable isijisokote wakati inavutwa.

Sasa fundi. Mwisho wa kable anafumua nyuzi za chuma moja moja, anazitosha mafuta yote, anazitandaza kama ufagio ndani ya kikombe cha chuma chenye umbo la funeli, kisha anamwaga rezini. Ikikauka inakuwa kabari: ukivuta zaidi, inabana zaidi. Halafu anaunga shaba kwa shaba, na kiungo hicho anakifunika na mpira ao anakitia ndani ya sanduku lililojaa mafuta. Kwa nini mafuta? Kule meta 6 000, maji yanakandamiza karibu kilo 600 juu ya kila sentimeta mraba, ni kusema mahali padogo kama ukucha. Hewa ikibakia ndani, sanduku linapondeka. Mafuta yanajaza kila pembe, na ndani kunakuwa na nguvu sawa na inje. Na maji kidogo ya chumvi yakiingia, umeme unakatika.

Kisha kuko kupima: anapima izolasio, anavuta kiungo kwa uzito mkubwa kuliko ule wa kazi. Na kabla ya hapo, anangojea. Rezini iko na saa zake. Shefu anaweza kupiga kelele namna gani, rezini haisikii.

Mu 1985 Wafaransa walitafuta Titanic na meli Le Suroît, wakivuta sonari yao SAR. Kisha meli ya Marekani, Knorr, ikavuta Argo, chombo cha kamera, na tarehe 1 mwezi wa 9 mabaki yakaonekana, karibu meta 3 800 chini. Majina ya Robert Ballard na Jean-Louis Michel yanajulikana dunia nzima. Waliounga kable, nani anawajua? Mu 1995 chombo cha Japani, Kaiko, kilifika mahali pa chini kabisa pa bahari, karibu meta 11 000. Mu mwezi wa 5 wa 2003 kable yake moja ilikatika, na chombo hakikurudi tena.

Kwetu kable ya peli inakokotwa juu ya mawe, makamyo yanaipita. Mu karieri moja nilimotumika, usiku mmoja kable ilipasuka, na shefu akataka kiungo cha skoch tu, bila kupima, juu ya produksio. Fundi akakataa. Kesho yake akapewa barua ya kujieleza. Ilibidi sisi wajumbe wa sendika tupigane wiki nzima mpaka barua ile ikatoshwa mu dosie yake. Mtu alitaka tu wenzake wasiguse kable yenye umeme unaovuja.

Kwa hiyo naomba vitu vitatu. Kwanza, saa za kukauka na za kupima ziandikwe, na hakuna shefu anayeweza kuzipunguza. Pili, kila kiungo kiwe na fishi yenye kipimo na sahihi ya fundi aliyekifanya. Tatu, fundi akisema kipimo hakifiki, kable haipate umeme, na yeye asiadhibiwe.

Wajumbe, tuyaandike mu kaye ya madai mbele ya kuketi tena na mapatroni juu ya konvansio.