Hesabu ya Kura Ianzie Darasani

Mwalimu akiwauliza wanafunzi wa kidato cha tatu ni nani mwenye haki ya kupiga kura, jibu litatoka kwa sauti moja: mtu aliyetimiza miaka 18. Jibu hilo si kosa, ila ni nusu ya jibu. Nusu iliyobaki haisomeshwi ipasavyo, nayo ndiyo imwachayo kijana nje ya kituo siku wenzake wanapopanga foleni.

Katiba ya Zanzibar ya 1984, katika Ibara ya 7, humpa haki ya kupiga kura kila Mzanzibari aliyetimiza umri huo. Nani aitwe Mzanzibari, hilo lina sheria yake ya mwaka 1985. Kisha huja daftari la wapiga kura, na ili mtu aingie humo sharti athibitishe yeye ni nani na anakaa wapi. Hapo kitambulisho cha ukaazi hutakiwa, na nyuma ya kitambulisho kuna cheti cha kuzaliwa, na nyuma ya yote yupo sheha. Kijana asiyeujua mlolongo huu huanza kutafuta cheti wiki ile ile uandikishaji unapofungwa. Haki anayo, lakini jina lake halimo.

Tuje kwenye hesabu, maana hesabu nayo ina mtego wake. Katika uchaguzi wa Oktoba 31, 2010, walioandikishwa Zanzibar walikuwa 407,658, na waliopiga kura walikuwa 364,924. Wanafunzi na wagawanye wenyewe, wazidishe kwa 100. Watapata asilimia 89 na nusu. Siku hiyo hiyo, katika uchaguzi wa Rais wa Muungano, waliojitokeza hawakufika hata nusu ya walioandikishwa. Walikuwa kama 43 katika kila 100. Visiwa vyetu vina haki ya kuona fahari kwa tarakimu hizo.

Lakini mwalimu mzuri hataishia hapo. Atauliza: asilimia 89 ya akina nani? Ni ya walioandikishwa. Yule aliyekosa cheti hahesabiwi kuwa amejitokeza, wala hahesabiwi kuwa amebaki nyumbani. Katika hesabu ile hayumo kabisa. Kwa hiyo daftari likiwaacha watu wengi nje, asilimia yaweza kupanda huku wapiga kura wakipungua. Viongozi wanaozipokea tarakimu hizi kwa furaha wangefanya vyema kuuliza swali hilo hilo.

Wazee wa visiwa hivi hawahitaji kuelezwa thamani ya jina moja. Mwaka 1957, tulipopiga kura kwa mara ya kwanza, wanawake wote waliwekwa kando, na wanaume nao wakachujwa kwa umri, mali na elimu. Januari 1961 kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja tu. Kutokana na matokeo ya uchaguzi ule Baraza liligawanyika sawa kwa sawa, ikabidi uchaguzi urudiwe mwezi Juni, na yaliyofuata, pamoja na damu iliyomwagika, yanajulikana. Tunashangaa kwamba mtoto wa Pemba aweza kumaliza skuli bila ya kuusikia mkasa huo katika somo la uraia.

Tunaiomba Wizara ya Elimu, pamoja na Tume ya Uchaguzi, ziipeleke fomu ya uandikishaji darasani ijazwe kwa mazoezi, na kila mwanafunzi wa kidato cha tatu atakiwe kuleta nakala ya cheti chake cha kuzaliwa. Asiyekuwa nacho ajulikane mapema, wakati wazazi bado wana nafasi ya kukishughulikia. Sheha naye aalikwe skuli aeleze kwa nini jina hukubaliwa au hukataliwa, na mwenye kukataliwa akalalamike wapi. Maswali atakayoulizwa huenda yakawa makali. Ni afadhali ayajibu hapo, mbele ya mwalimu, kuliko kuyajibu mlangoni pa kituo.