Gari Linapochemsha Milima ya Tarime

Ukitoka Mugumu kwenda Tarime unavuka Mto Mara, kisha unaanza kupanda. Hapo ndipo gari kuukuu hulemewa: mshale wa joto unapanda, mvuke unafuka kwenye boneti, abiria wanashuka.

Mji wa Tarime uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi, maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama Dar es Salaam. Kinga ya injini ni mfuniko wa rejeta. Springi yake inabana, presha inapanda, na maji yanapita nyuzi 110 bila kuchemka. Ndiyo kanuni ya chungu cha presha alichobuni Mfaransa Denis Papin mwaka 1679. Springi ikichoka au mpira ukikatika, kinga hiyo haipo tena.

Ndiyo maana mfuniko haufunguliwi injini ikiwa ya moto. Presha inashuka ghafla, maji yanafumka na kurukia uso. Nimeona mikono iliyobabuka hivyo, na inaumiza kuiona. Subiri mpaka hozi ya juu ishikike kwa kiganja.

Halafu kuna mkanda. Kwenye Probox, mkanda uleule unaozungusha altaneta ndio unaozungusha wota pampu. Taa ya betri ikiwaka huku joto linapanda, anza na mkanda: umekatika au unateleza, na maji hayazunguki hata kama rejeta imejaa. Zima injini, bonyeza kwa dole gumba katikati ya puli mbili. Ukizama kama sentimita moja, unafaa. Ukizidi, legeza bolti za altaneta, ivute kwa wenzo, kaza. Usipitilize, beringi ya pampu itakufa mapema. Mkanda wenye nyufa au unaong'aa kama kioo ubadilishwe. Kuupaka sabuni huondoa mlio tu.

Mazoea ya kung'oa themostati yaachwe. Kwenye Toyota nyingi hufunguka karibu na nyuzi 82. Bila hiyo injini inachelewa kupata moto na inakula mafuta, huku ugonjwa wenyewe, mara nyingi rejeta iliyoziba kwa kutu na chokaa ya maji ya kisima, ukibaki palepale.

Mfuniko mpya ni wa bei ndogo. Silinda hedi iliyopinda si ya bei ndogo hata kidogo. Kesho asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua boneti ukague mfuniko na mkanda.