Kulala Ndani ya Basi Wakati wa Baridi

Kuanzia Juni hadi Agosti pepo za kusi huleta ubaridi hata huku kwetu Kilambo. Lakini gari likitoka Mtwara likapita Masasi na Tunduru hadi Songea, kisha Njombe, baridi ni nyingine kabisa. Usiku wa Julai huko Njombe joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10.

Dereva, utingo, au mlinzi aliyegeuza bodi la basi kuukuu kuwa chumba, hushawishika kufunga madirisha yote na kuingiza jiko la mkaa. Hiyo ni hatari kubwa. Mkaa unaowaka, hata usiotoa moshi, hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na aliyelala huenda asiamke. Moshi wa injini nao una sumu hiyohiyo. Usilale injini ikinguruma.

Tayarisha basi hivi:

1. Ziba matundu ya sakafu na bodi, hasa upande wa injini.

2. Inua godoro juu ya mbao. Bati hunyonya joto la mwili, kwa hiyo tandika mkeka na blanketi chini pia.

3. Funika vioo kwa mapazia mazito, lakini acha madirisha mawili yanayotazamana wazi kidogo. Pumzi zetu zina maji. Basi likifungwa kabisa, nguo hubaki mbichi na ukungu huota. Hewa safi pia hupunguza kuambukizana kifua kikuu.

4. Tundika chandarua. Baridi ya pwani haiwamalizi mbu wa bonde la Ruvuma.

5. Pika nje, na jiko libaki nje hata mkaa ukififia. Kujipasha joto, tumia chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa.

Dalili za sumu hii ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Watu wa chumba kimoja wakizipata kwa pamoja palipo na jiko, msikimbilie kudhani ni malaria. Fungueni milango, watoeni nje mara moja, muwapeleke hospitali wapewe oksijeni, hata wakisema wamepata nafuu. Maziwa hayaondoi sumu hii.

Mama na baba, chumba cha watoto nyumbani kina hatari hiyohiyo. Usiku wa leo, kabla ya kulala, hakikisheni jiko liko nje.