Miezi minne ya kuvuna, miezi 12 ya kula

Biashara ya msimu si jambo geni kwa mkulima. Anayelima korosho, kahawa au mahindi anajua kwamba fedha huja kwa mkupuo, kisha mfuko hukauka hadi mavuno mengine. Wapo wafanyabiashara wa mbali wanaoishi kwa kalenda kama hiyo ingawa hawalimi kitu. Hao ni wenye vituo vya mapumziko kando ya maziwa ya milima ya Sierra Nevada, katika jimbo la California nchini Marekani.

Vituo hivyo huwa na nyumba ndogo za mbao zinazokodishwa kwa usiku au kwa wiki. Wateja wengi ni familia zinazokuja kuvua samaki aina ya trauti, kupanda mashua na kukimbia joto la mabondeni. Shida ni kwamba njia ya kuwafikia haiko wazi mwaka mzima. Barabara ya Tioga, inayokatiza milima hiyo kwenye mwinuko wa meta 3,031, hufungwa kwa theluji kuanzia karibu Novemba na kwa kawaida hufunguliwa Mei au Juni. Mwaka 2023 theluji ilizidi kipimo na barabara ikafunguliwa Julai 22. Waliotegemea wageni wa njia hiyo walikuwa wameshapoteza sehemu kubwa ya msimu.

Hesabu ya usiku

Tuchukue mfano wa hesabu. Kituo chenye nyumba 10 kikifanya kazi siku 100, kina usiku 1,000 wa kuuza. Usiku 800 ukipata wateja, na gharama za mwaka mzima zikiwa dola 120,000, kila usiku uliouzwa unabeba dola 150 za gharama kabla mwenye mali hajaonja faida. Msimu ukikatika na usiku uliouzwa ukashuka hadi 680, mzigo wa kila usiku unapanda hadi karibu dola 176. Gharama hazikupungua hata senti.

Maziwa ya ng'ombe yasipouzwa leo huweza kugandishwa yakauzwa kesho kama mtindi. Usiku usiouzwa hauna mtindi. Ndiyo maana wenye vituo hupandisha bei Julai na Agosti, wakati shule zimefungwa, na huishusha mwanzoni na mwishoni mwa msimu ili nyumba zisilale tupu. Aidha, wengi huongeza duka la chambo, kuni na barafu, mgahawa mdogo na mashua za kukodi, kwa kuwa mgeni aliyekwisha kufika ni rahisi kumuuzia kuliko kumtafuta mwingine.

Gharama zisizolala

Mgeni wa mwisho akiondoka, kazi haijaisha. Maji yakiganda hutanuka na kupasua mabomba, hivyo kila bomba, tangi na choo lazima vimwagwe maji au viwekewe dawa ya kuzuia kuganda. Mashua hutolewa ziwani. Chakula chote huondolewa kwa sababu dubu na panya hawaheshimu kufuli. Wakati wote huo bima, riba ya mkopo na mshahara wa mlinzi vinaendelea kudai.

Theluji yenyewe ni mzigo juu ya paa. Tioga Pass Resort, kituo kilichoanza mwaka 1914 karibu na lango la mashariki la Hifadhi ya Yosemite, kiliharibiwa na theluji ya majira ya baridi ya 2016 hadi 2017, na msimu wa 2017 hakikufunguliwa. Zaidi ya miaka 100 ya jina zuri haikukizuilia paa lisielemewe.

Lipo pia suala la ardhi. Vituo vingi vimejengwa ndani ya misitu ya taifa, kwa kibali cha idara ya misitu ya serikali. Sheria ya mwaka 1915 iliruhusu vibali vya hadi miaka 30 kwa hoteli na nyumba za mapumziko. Mwenye kituo anamiliki majengo, ila ardhi ni ya umma na anailipia ada kila mwaka.

Arubuni si faida

Familia nyingi huweka nafasi miezi kadhaa kabla na kulipa arubuni. Hapa ndipo penye mtego. Fedha inayoingia Januari kwa ajili ya Agosti inavutia, hasa paa likidai matengenezo. Lakini mgeni hajalala bado. Agosti 31, 2021, kwa sababu ya moto, karibu misitu yote ya taifa ya California ilifungwa kwa umma hadi katikati ya Septemba, ikiwemo Sikukuu ya Wafanyakazi, mwisho wa wiki unaotegemewa sana. Msimu ukikatika namna hiyo, aliyekwisha kutumia arubuni za wateja anatakiwa kurudisha fedha asiyokuwa nayo. Mkulima aliyeuza mazao yangali shambani, kisha mvua ikakata, anaifahamu hali hiyo.

Somo kwa mjasiriamali wa msimu popote alipo ni kugawa fedha mara inapoingia. Fungu la kwanza ni la gharama za miezi yote 12. La pili ni la kuandaa msimu ujao. La tatu ni akiba ya msimu mbaya, nalo lisiguswe kwa harusi wala gari. Arubuni ikae pembeni hadi huduma itolewe.

Kinachobaki baada ya mafungu hayo ndicho faida. Na hata hicho, ni busara kukihesabu siku mgeni wa kwanza wa msimu unaofuata anapofika, akafungua bomba na maji yakatoka.