"Nikazie shokabu": kitenzi kimoja, kazi tatu

Yamkini msomaji atashangaa kumwona mwalimu wa isimu akiziweka kando ngeli na viambishi na kuandika habari za pikipiki. Sijaiacha kazi yangu. Mambo niliyoyakuta katika gereji za jua kali za Masimba, huku kwetu Nyaribari Masaba, ni suala la lugha kabla ya kuwa suala la spana, na ni suala linaloweza kumvunja mtu mguu.

Anayekwenda nyumbani kwake kutoka sokoni Masimba huiacha lami mapema akaingia katika njia za udongo mwekundu, zinazopanda na kushuka bila ya kupumzika, na mvua ikinyesha huwa mifereji. Ndizi, maziwa, majani chai, mifuko ya mbolea, mgonjwa, mwanafunzi aliyechelewa: vyote hubebwa na boda boda, jina lililozaliwa mpakani Busia na sasa limeenea Afrika Mashariki nzima. Pikipiki hizi, nyingi zikiwa za injini ya sentimita mchemraba 100 hadi 150, ziliundwa zimbebe mwendeshaji, abiria mmoja na mzigo wa kadiri. Hapa kwetu kadiri hiyo haijulikani. Mwendeshaji akishika breki mteremkoni, pikipiki huinamisha kichwa kama mbuzi anywaye maji, miguu miwili inayolishika gurudumu la mbele ikabonyea hadi ikagonga mwisho wake. Kuanzia hapo hakuna springi tena. Kila jiwe humfikia mwendeshaji mikononi, na gurudumu huanza kurukaruka badala ya kuigusa ardhi, nalo gurudumu lisiloigusa ardhi halina breki.

Basi mwendeshaji huenda kwa fundi na kumwambia, "Nikazie shokabu."

Hapo ndipo masikio yangu yaliposimama. Nimekaa mchana mzima kwenye benchi la gereji nikisikiliza kitenzi hicho, na nimehesabu kazi tatu tofauti kabisa zinazofanywa kwa jina lake. Fundi wa kwanza alifungua vifuniko vya juu vya miguu ile, akatia washa kadhaa na kipande cha bomba juu ya springi, akafunga. Wa pili alimwaga oili nyepesi akatia nzito. Wa tatu, aliyekuwa mzee kuliko wote, alitoa springi zenyewe akatia nyingine za waya mnene zaidi, alizozitoa katika pikipiki kubwa iliyokufa. Wote watatu waliwaambia wateja wao, "Nimekaza."

Lakini je, wamekaza nini?

Naomba walimu wa fizikia waniwie radhi nikivamia shamba lao. Robert Hooke, Mwingereza, aliificha kanuni yake mwaka 1676 kwa kuyapanga maneno yake herufi kwa herufi kufuata alfabeti, ili mtu asimwibie, kisha akaifumbua mwaka 1678: springi hurefuka kwa kadiri ya kani inayoivuta. (Huyo naye, kwa njia yake, alikuwa mtu wa lugha.) Kubonyea kunafuata kanuni iyo hiyo. Chukua mfano wa pikipiki ambayo kila springi yake ya mbele inahitaji nyutoni 7 ili ibonyee milimita 1. Miguu ni miwili, kwa hiyo ni nyutoni 14. Breki zikishikwa na uzani wa nyutoni 280 ukahamia mbele, mbele itashuka milimita 20.

Fundi wa washa akiibana springi hiyo milimita 10 zaidi, pikipiki itasimama juu zaidi kwa milimita 10. Mteja ataitazama, aikalie, afurahi. Akishika breki, uzani uleule utaishusha milimita 20 zilezile. Ni kweli kwamba amepata nafasi kidogo kabla ya kugonga mwisho, lakini nafasi hiyo ameiiba kwa gurudumu, ambalo sasa haliwezi kushuka vya kutosha linapokutana na shimo. Ugumu wa springi haukubadilika hata chembe.

Fundi wa oili naye amefanya jambo jingine. Kazi ya oili ni kupitishwa kwa nguvu katika vitundu vidogo ili mwendo wa springi usiwe wa kurukaruka. Oili hupinga kasi, haiuzuii uzani. Ukishika breki ghafla, oili nzito itachelewesha kuinama. Ukiishikilia breki katika mteremko mrefu, pikipiki itazama hadi palepale. Na juu ya mawe madogomadogo yaliyofuatana, oili nzito mno huifanya springi ishindwe kurudi kwa wakati, mbele ikashuka kidogokidogo bila ya mwendeshaji kutambua.

Ni yule mzee peke yake aliyebadili ugumu. Ugumu wa springi huongezeka kwa kipeo cha nne cha unene wa waya, vipimo vingine vikibaki vilevile. Waya wa milimita 4 ukiongezwa ukawa 4.4, ongezeko ambalo jicho halilioni, springi inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 46. Pikipiki ya mfano wetu, iliyokuwa ikishuka milimita 20, sasa itashuka chini kidogo ya 14. Hata kukata springi, jambo ambalo wengi hudhani huidhoofisha, huifanya iwe ngumu zaidi: springi ya mizunguko 50 ikipunguziwa 5 huongezeka ugumu kwa asilimia 11 hivi, ingawa pengo linalobaki sharti lijazwe kwa bomba, na mizunguko isiwe michache kiasi cha kugusana kabla ya safari ya mguu kwisha. Wasafiri wa masafa marefu wa Ulaya na Marekani, wanaopakia masanduku na mwenzi nyuma, hununua springi za kubadilisha zenye mizunguko iliyokaribiana upande mmoja, laini mwanzoni na ngumu kadiri zinavyobonyea. Haja yao na ya mwendeshaji wa Masimba ni moja.

Nilimuuliza yule mzee kwa nini hawaelezi vijana tofauti hii. Akacheka. "Mwalimu, naijua mkononi. Mdomoni sina jina lake."

Jibu hilo limenikaa. Mkono wa mzee huyu unaijua kanuni ya Hooke kuliko wanafunzi wengi wanaoikariri kwa Kiingereza na kupata alama zote. Watu hawa wawili hawawezi kuzungumza, kwa sababu shule inafundisha sayansi kwa lugha moja na gereji inafanya kazi kwa nyingine. Wala si kwamba Kiswahili ni maskini. Tuna neno kamani, lililotufikia kutoka Bara Hindi na ambalo asili yake ni Kiajemi, ambako kaman ni upinde. Wazee walilitumia kwa springi ya saa. Sina ugomvi na springi. Sisi Abagusii hatuogopi kukopa, gari tuliliita egari likaingia katika ngeli yake bila ya kuomba ruhusa. Ninachodai ni majina matatu kwa mambo matatu. Napendekeza kubana kwa kazi ya washa, kuimarisha kwa kubadili springi yenyewe, na kutuliza kwa kazi ya oili. Mwenye maneno bora na ayalete.

Wako watakaosema kwamba springi ngumu zitawapa waendeshaji ruhusa ya kupakia abiria watatu. Hoja hiyo ina uzito. Sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu, na springi haibadili urefu wa pikipiki wala nguvu ya breki zake. Hata hivyo, anayepakia watatu tayari anapakia, na hushuka nao mlimani akiwa juu ya washa alizoaminishwa kuwa ni dawa.

Kwa walimu wa shule za karibu, somo hili halihitaji maabara. Fungeni uzi kwenye bomba linaloteleza la mguu wa mbele, usogezwe hadi kwenye sili. Pikipiki ikiwa haina mtu na mbele imeinuliwa, pimeni kutoka uzi hadi sili; kisha mwendeshaji aikalie kwa upole na kushuka, mpime tena. Ikiwa imezama zaidi ya theluthi moja ya safari yake yote kwa uzani wa mtu mmoja, springi hiyo ni laini mno kwa milima yetu. Fundi akiibadilisha, muulizeni ametia oili kiasi gani, na kama miguu yote miwili imepata kipimo kimoja.