Misiani Namheshimu, Simsikilizi

Kukaa Kisumu bila kuupenda muziki wa D.O. Misiani ni kama kukana ukoo. Mzaliwa huyo wa Shirati, Tanzania, aliyefariki kwa ajali ya barabarani hapa Kisumu mwaka 2006, alikamatwa zaidi ya mara moja kwa ajili ya mafumbo yake ya Kidholuo. Mafumbo hayo huyachambua darasani kwa furaha isiyo kifani. Lakini santuri ikiwekwa, waimbaji wakanyamaza na gitaa la benga likashika kasi, wenzangu husimama kucheza. Mimi hutazama saa. Zamani nilijifanya kutikisa kichwa. Siku hizi sijifanyi. Juzi mwanafunzi mmoja aliniuliza kama kweli mimi ni Mjaluo. Nilimjibu kwa Kidholuo, hakuridhika.