Treni ya Saa Moja

Saa moja jioni ikigonga, watoi wote wa ploti yetu Makongeni walikuwa wamehepa keja, dishi iwe tayari ama isiwe. Mathe hakuwa anasumbuka kunitafuta, alikuwa anajua kwenye niko. Tulikuwa tunajipanga kando ya reli, mbogi nzima, juu treni ya Mombasa ilikuwa inatoka tao saa hiyo na lazima ingepitia kwetu. Kwanza unaskia chuma zinaimba. Halafu taa. Halafu chini kunatetemeka mpaka kwa magoti, na madirisha zinaanza kupita moja moja, manjano, ndani wasee wametulia tu wakiishia mbali. Tulikuwa tunawapungia mikono zote mbili. Hakuna mtu alikuwa anarudisha. Iliniuma, si uongo. Nilikuwa najua wanatulenga.

Makongeni ilijengewa wasee wa reli, so stori za treni zilikuwa kila mlango. Wazee walituambia reli ilianza Mombasa 1896, ikafika hapa 1899 wakati Nairobi ilikuwa kinamasi, ikagonga Kisumu 1901. Mmoja akasema kati ya chuma na chuma ni mita moja kamili, na haibadiliki njia yote. Hiyo nilikataa. Mathe ni fundi wa nguo, nikabeba futi yake mbio mpaka kwa reli, nikapima. Mita moja. Nikasonga mbele hatua kama mia hivi, nikapima tena. Mita moja! Nilikaa hapo na futi mkononi nikicheki venye hizo chuma zinaenda mpaka zinapotea, na toka siku hiyo treni haijawahi nitoka kichwani.

Visoda pia tulikuwa tunaweka juu ya chuma. Treni ikipita kinakuwa bapa kabisa, unatoboa mashimo mbili, unapitisha uzi, unavuta kinavuma. Ni noma sana, na siwezi kubali mtoi yeyote ajaribu. Lakini changu bado ninacho.

Nikiwa darasa la sita, mathe alimaliza oda ya sare za shule, akashika doo, akakata tiketi mbili za daraja la pili. Chumba ya vitanda vinne, mashuka, blanketi, na msee wa kupita koridoni akigonga kengele ati dishi iko tayari. Hayo yote niliyaona baadaye. Treni ikitoka stesheni mimi nilikuwa nimebana pua kwa dirisha nikingoja Makongeni.

Na sikuona kitu. Ndani kulikuwa na taa, nje giza, kwa kioo ni uso yangu tu inaniangalia. Nikafinika macho na viganja, nikabonyea hapo hapo kwa kioo, ndio nikaona: mikono. Mikono tu, mingi, ikipunga gizani. Mbogi yangu. Nikapunga na zangu zote mbili, na nikijua hawataona ni mimi.

Miaka yote hiyo hakuna mtu alikuwa ametulenga. Hawakuwa wanatuona.

Sikulala. Asubuhi nikacheki mchanga mwekundu wa Tsavo, halafu Mariakani, Mazeras, na kila mahali watoi wamesimama kando ya reli. Saa hiyo kuna jua. Nilimrudishia kila mmoja mpaka mathe akaniuliza kama mkono hauumi.

2017 Madaraka Express ikaanza, reli mpya ya milimita 1,435, unatokea Syokimau na kwa masaa kama tano hivi uko Mombasa. Mathe anaipenda, na siwezi bishana naye, ni safi na inawahi. Lakini ile ya usiku ikaisha, na Makongeni saa moja ikabaki tu na zile za kupeleka watu mitaani.

Juzi nilipanda ya Ruiru na mtoi wa siz, ana miaka sita. Kufika Githurai giza ilikuwa imeshika, na yeye pua kwa kioo. Nikamuuliza anacheki nini.

"Najiona tu, anko."

Nikavua jaketi, nikamfunika kichwa mpaka kwa kioo, taa yote ikabaki nje. Akanyamaza kidogo.

"Anko! Kuna watoi!"

Akatoa mikono zote mbili.